Safu ya Mrwaza

Sikupinga kompyuta. Naanza kwa kuliweka hilo sawa, kwa kuwa nimelisikia likirudiwa hata na watu walioajiriwa baada yangu, ambao hawakunijua ila kwa siku chache za makabidhiano. Katika hospitali niliyoitumikia hapa Kigali, tangu tuliporudi kutoka Burundi hadi siku niliyokabidhi funguo za masjala, hakuna barua hata moja yenye saini yangu inayoupinga mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa. Mihtasari ya vikao ipo. Nilihudhuria vyote, na mara mbili nilimwomba katibu asahihishe orodha ya waliohudhuria, kwa sababu alikuwa ameandika watu waliochungulia mlangoni tu na kuondoka.

Siku ya kuniaga, mmoja wa wakubwa alisema, mbele ya soda na sambusa, kwamba wangependa kuniingiza na mimi kwenye mashine pamoja na majalada yangu, ila waliogopa ningeirudisha fomu kwa kuwa haikujazwa vizuri. Watu walicheka, nami nilitabasamu kama inavyotakiwa. Hakusema, wala mwingine hakusema, kwamba katika mfumo ule wote kulikuwa na kisanduku kimoja kilichoingia kwa juhudi yangu. Kisanduku hicho ndicho kilichonirudisha nyumbani mwaka huu bila kupasuliwa jicho, na ndicho kinachonifanya niandike haya.

Masjala yetu ilikuwa mwisho wa ukumbi, baada ya maabara, chumba kirefu chenye dirisha moja. Majalada yalikuwa ya rangi ya kahawia, na kamba zilipokwisha tuliyafunga kwa vipande vya bandeji ambavyo wauguzi walikuwa wamevikataa. Sikuyapanga kwa majina peke yake. Kwetu mtoto habebi jina la baba yake. Kila mmoja hupewa lake, na majina mazuri ni yale yale, kwa hiyo mtu mwenye haraka angeweza kumpa mama mmoja damu ya mama mwingine. Niliyapanga kwa kilima alichotoka mgonjwa, maana kwetu kilima ndicho kijiji, kisha kwa jina la baba, kisha kwa lake mwenyewe. Waliokuja baadaye walikiita kitu hicho ushamba. Hakuna mgonjwa aliyewahi kupewa jalada la mwenzake katika zamu yangu.

Rejista tuliyoletewa ilikuwa imechapwa na safu zake: namba, jina, umri, ugonjwa, kitanda. Haikuwa na nafasi ya mrwaza. Kwa msomaji asiye wa huku nieleze. Mgonjwa hapa halazwi peke yake. Hospitali hutoa kitanda, dawa na daktari. Mengine yote hutolewa na mtu aliyemsindikiza, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa umurwaza, nasi masjala tulizoea kusema mrwaza. Huyo ndiye anayeleta uji asubuhi, anayefua shuka, anayekwenda duka la dawa, anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, na anayetia saini pale mgonjwa asipoweza. Bila yeye mgonjwa anaweza kushinda na njaa katika wodi iliyojaa watu.

Safu hiyo niliichora mimi, kwa rula na wino mwekundu, katika kila ukurasa wa kila rejista, na nitasema kwa nini. Aliletwa mwanamume aliyegongwa na lori, akafa siku hiyo hiyo, akapelekwa panapohusika, mochwari. Siku ya nne nilipita getini nikamwona mwanamke ameketi na sufuria iliyofungwa kitenge. Mlinzi alinieleza kwamba amekuwa akija tangu siku ya pili, anauliza wodi moja baada ya nyingine, na kila wodi inamjibu kwamba huyo hayupo kwao. Na kweli hakuwapo. Mwanamke yule alikuwa dada yake marehemu. Chakula alikuwa akikibadilisha kila siku kisichache. Hakuna karatasi katika hospitali nzima iliyowaunganisha wale watu wawili. Niliporudi ofisini nilifunga mlango, nikachukua rula.

Tangu hapo niliweka kanuni: safu ya mrwaza haiachwi wazi, wala haiandikwi "hakuna". Ilikuwa miaka ambayo watu wengi walijibu kwa neno moja, "Sina", na sikuhitaji kuwauliza sababu. Sisi wenyewe tuliporudi, ndugu wa baba yangu waliokuwa wamebaki hapa hatukuwakuta. Lakini nilikataa kuliandika jibu hilo, na makarani wangu niliwafundisha kuuliza mara tatu. Kwanza: umekuja na nani? Pili: nani anajua kwamba umekuja? Na akiendelea kusema hana, la tatu: nani atakasirika usipoonekana hadi Jumapili? Swali la tatu lilikuwa likileta mtu. Mgonjwa alisema labda yule ninayemuuzia maziwa, labda mama tunayeimba naye, labda mwenye nyumba. Tuliandika hivyo hivyo, na tulimtuma mtu akawaite. Wengi walikuja.

Kisha ukaja mfumo. Alitumwa kwetu mhandisi, mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano, mwenye adabu, aliyekuwa amesomea nje na aliyeongea Kinyarwanda kilichochanganyika na Kiingereza. Wenzangu walimwogopa. Mimi nilimletea chai na nikamwonyesha rejista zangu zote. Alipoiona safu nyekundu aliuliza ni ya nini, nikamweleza habari ya sufuria. Aliweka kalamu chini akasikiliza mpaka mwisho.

"Tutaiweka, mzee," alisema. "Lakini kompyuta haitaki hadithi. Nataka orodha fupi ya uhusiano, karani achague."

Niliiandika orodha kwa mwandiko wangu bora: mume, mke, baba, mama, mtoto, kaka, dada, mjomba, shangazi, mjukuu, mkwe. Yeye aliongeza chini yake kwa penseli: jirani, rafiki, mwingine. Nilichukua rula na kalamu, nikayafuta yote matatu kwa mstari.

Nilikuwa na hoja, na bado naamini kwamba zilikuwa hoja. Majuma machache kabla ya hapo jirani mmoja alikuwa ametia saini kama mrwaza wa bibi mmoja, akakaa siku mbili, akaondoka kwenda kuvuna maharagwe yake, na bibi akabaki anaombaomba uji kwa kitanda cha pili. Wauguzi walinilalamikia mimi. Nilimwambia mhandisi kwamba wajibu wa jirani haukuandikwa mahali popote, huwezi kumshika. Na kuhusu "mwingine", nilimwambia kwamba nimefanya kazi na makarani maisha yangu yote. Ukimpa karani mvivu kisanduku kinachoitwa "mwingine", atawatupa humo watu wote, kama jalalani.

"Na asiye na mtu?" aliuliza.

"Kila mtu ana mtu."

Alinitazama kidogo. "Sawa, mzee. Tuifanye ya lazima? Yaani bila kuijaza, ukurasa hausogei?"

"Ya lazima," nilisema.

Akaweka nyota nyekundu mbele ya neno mrwaza. Nilifurahi kwamba alichagua rangi ile ile ya wino wangu. Adhuhuri hiyo nilikwenda nyumbani, nikala mboga na ugali aliopika mke wangu, nikamsimulia yote, naye akasema jambo ambalo sikulizingatia. Alisema, "Ulizoea kuwatafutia mtu." Nilidhani ananisifu.

Mke wangu alifariki mwaka wa pili baada ya mimi kustaafu. Mrwaza wake nilikuwa mimi, na jina langu liliandikwa bila shida yoyote: mume.

Tuna mtoto mmoja, binti, yuko Kanada na familia yake. Nyumba yangu iko Rwezamenyo, upande wa kushuka. Nilipanga huku tangu mwanzo kwa sababu nilikulia Bujumbura katika mtaa wa Kiswahili, na hapa naweza kununua mkate kwa lugha niliyochezea utotoni. Sisi ni Wakatoliki, lakini azana ndiyo saa yangu. Tangu mke wangu aondoke vyumba viwili vimefungwa. Navifungua Jumamosi, nafagia, navifunga tena. Nina daftari ninaloandika kila siku: mvua, afya, barua, na waliobisha hodi. Safu ya mwisho huwa naipiga kistari. Siku moja niliyapitia majuma kadhaa nyuma, nikaona vistari vimefuatana hadi chini vikawa kama mstari mmoja niliouchora kwa makusudi.

Halafu nikaanza kushindwa kukisoma nilichoandika. Daktari wa macho, katika hospitali ile ile yangu, alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa na linataka kupasuliwa haraka. Ni kazi ndogo, alisema, siku moja tu, ila arudi mtu na wewe, kwa sababu jicho litafunikwa na hilo jingine halifai kuvukia barabara. Nikateremka kwenye dirisha la usajili.

Aliyekuwa hapo nilimfurahia. Ni mama mmoja niliyemwajiri mwenyewe akiwa msichana, na sasa ndiye msimamizi wa dirisha lile. Bado ananiita shefu, yaani bosi. Tulizungumza Kinyarwanda; nayaandika kwa Kiswahili.

"Shefu, leo nakuandika mimi. Dunia imegeuka."

"Andika vizuri."

Aliandika jina, jina la baba, kilima, bima. Alikuwa na mwendo mzuri wa vidole. Kisha vidole vikasimama.

"Mrwaza?"

Nikasema binti yangu. Nikatoa namba yake. Alijaribu, akajaribu tena. Kisanduku cha simu kilikuwa kinapokea tarakimu kumi za hapa nyumbani, na ya Kanada haikuingia. Akasema hata ingeingia, shefu, binti yako atakuvusha vipi barabara kutoka huko?

"Mwingine?"

Niliirudisha namba mfukoni.

"Umekuja na nani?" aliuliza, polepole, na nilijua anakoelekea, kwa sababu nilimfundisha mimi.

"Peke yangu."

"Nani anajua kwamba umekuja?"

"Daktari."

Nyuma yangu kulikuwa na watu wamepanga foleni, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumshika mkono au wa kumbebea begi. Mama yule alisita. Nadhani hakutaka kuliuliza swali la tatu, lakini nilimfundisha kwamba halirukwi.

"Nani atakasirika usipoonekana hadi Jumapili, shefu?"

Nilitafuta. Nasema kweli kwamba nilitafuta. Wenzangu wawili wa masjala walikwisha kufariki, wa tatu amehamia Huye kwa wanawe. Padre wa zamani alihamishwa. Jumapili hiyo, nikiwa nimesimama pale, niliiona kwa macho yangu mabovu: misa ingesomwa, watu wangetoka, na nafasi yangu kwenye benchi ingekaliwa na aliyechelewa.

Aliinama kwenye tundu la kioo. "Niandike mimi. Dada."

"Wewe si dada yangu."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na mfanyakazi wa hospitali haruhusiwi kuwa mrwaza wa mgonjwa wa hospitali hiyo. Kanuni hiyo unaijua."

"Naijua. Uliiandika wewe." Akashusha pumzi. "Jirani hayumo kwenye orodha, shefu. Wala mwingine. Nimewahi kuomba waviweke, wakaniambia wazee wa masjala walikataa."

Hakusema kwa ubaya. Nilichukua kadi yangu ya bima, nikamwambia nitarudi, nikatoka. Kwenye ngazi niliihesabu kila hatua kwa mguu, kwa kuwa kingo zake sikuziona. Nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu sikuwa na mtu wa kumwandikia barua ya malalamiko.

Binti yangu alipiga simu, uso wake ukiwa doa tu kwenye kioo. "Papa, lipa mtu," alisema. "Kuna watu wanafanya hiyo kazi." Nilimjibu kwamba wanaofanya kazi kwa ujira wana jina lao, na jina hilo halimo kwenye orodha pia. "Basi sema uongo kidogo, Papa." Nikamwambia simu inakatika.

Nilikaa hivyo majuma kadhaa. Sikwenda misani kwa sababu ya barabara. Madirisha niliacha kuyafungua, maana mwanga uliingia umechafuka na kuniumiza. Redio ilikuwa ikizungumza na nyumba.

Ng'ambo ya njia yangu kuna fundi cherehani. Ni Mwislamu, wa ukoo wa wale waliokuja zamani na mizigo ya vitambaa, na tuna umri unaokaribiana. Kwa miaka yote hiyo tulisalimiana kila asubuhi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulisimama pamoja kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, yeye akiegemea jembe na kuwasema vijana wasiojua kulishika. Zaidi ya hapo nilimpelekea nguo. Sikuwahi kuingia kwake ndani, wala yeye kwangu.

Siku ya Alhamisi suruali yangu ya mwisho iliyofaa ilinivuka kiunoni, nikavuka njia kumpelekea. Alikuwa barazani, cherehani mbele yake, kofia imesukumwa nyuma.

"Alaa. Kumbe uko hai," alisema.

"Niko."

"Mimi nilikuja kukugongea mlango. Jumapili, baada ya adhuhuri. Siku tatu dirisha limefungwa. Nikagonga mpaka mama wa maandazi akaniuliza unamdai nini mzee wa watu. Hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilidhani ni watoto.

"Nilikasirika sana," akasema, akiuma uzi. "Mtu anafungua dirisha lake kila siku saa kumi na mbili, halafu siku moja hafungui, hasemi. Hiyo iko tabia gani? Nipe hiyo suruali."

Niliketi kwenye kigoda cha wateja. Neno lile, kukasirika, nilikuwa nimelisikia kwenye dirisha la usajili majuma machache tu yaliyopita.

Alichukua futi, akanizungushia kiunoni, akarudi kwenye daftari lake. Ni daftari kubwa la jalada gumu, kingo zimechakaa. Alifunua kurasa, akapata yangu. Mimi mtu wa kumbukumbu nilimwuliza analipangaje.

"Kwa mabega," alisema. "Wenye mabega mapana mbele."

"Si kwa jina?"

"Majina yanafanana. Mabega hayafanani."

Nikamwomba anisomee yangu. Alisoma kwa sauti, akifuata na kidole. Kiuno cha mwaka ule niliohamia. Kiuno cha suti ya kustaafu. Kiuno cha suruali nyeusi ya mazishi. Kisha mara ya kwanza kupunguza, mara ya pili, na leo. Juu ya ukurasa huo huo kulikuwa na vipimo vya mke wangu, vya gauni la kijani. Alikuwa amemweka pamoja nami. "Na mguu," alimalizia. "Wa kushoto mfupi, kidole kimoja."

"Mguu gani mfupi?"

"Wako. Hukujua? Miaka yote nakata upande mmoja mfupi. Ungetembea unafagia njia."

Sikujua. Nimefungua na kufunga majalada ya maelfu ya watu, na hilo la mwili wangu mwenyewe lilikuwa limeandikwa ng'ambo ya njia, katika daftari ambalo sikuwahi kuliomba.

Hapo nikamweleza. Nilimweleza jicho, nilimweleza dirisha la usajili, nikamweleza na orodha. Na kwa kuwa sipendi kuficha nilimweleza kwamba neno jirani nililifuta mimi kwa rula. Alisikiliza bila kusimamisha mguu kwenye cherehani.

"Kwa nini ulilifuta?"

"Kwa sababu jirani huondoka kwenda kuvuna maharagwe."

Mguu ukasimama. Alicheka mpaka akavua kofia. "Mimi shamba sina, mzee. Maharagwe nanunua kwa kilo. Ni siku gani?"

Tulikwenda Jumatatu. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, kana kwamba tunakwenda kuposa, na alibeba birika la uji na kikapu. Alinishika mkono juu ya kiwiko, si kwenye kiganja, na hakunivuta. Kwenye dirisha alikuwapo mama yule yule. Aliandika jina la fundi, akaandika simu yake, tarakimu zote kumi zikaingia. Kisha akasoma kwenye kioo cha kompyuta kwa sauti ya chini.

"Uhusiano."

"Ndugu yake," alisema fundi. "Andika kaka."

Mama yule alimtazama fundi mwenye kofia na kanzu, akanitazama mimi mwenye medali ya Bikira kwenye mnyororo. "Kaka wa baba mmoja?"

"Angalia pua," fundi alisema.

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Mama hakucheka. Alinigeukia mimi, vidole juu ya vibonye. Zamani, akiwa na mwaka mmoja kazini, nilimfanya aandike upya ukurasa mzima wa rejista, mistari yote, kwa sababu ya neno moja alilolikisia. Alilia, na mimi sikumhurumia. Nilimwambia kwamba neno moja lisilo la kweli linaufanya ukurasa wote usiaminike. Najua alikuwa analikumbuka, kwa sababu na mimi nilikuwa nalikumbuka.

"Shefu," alisema. "Niandike?"

Fundi alikuwa amekwisha kuketi kwenye benchi, kikapu mapajani, anamwuliza mama mmoja kitambaa cha sketi yake alikipata wapi. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

"Andika," nilisema.

Ukurasa ukasogea.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilisikia sauti za vyuma vidogo na nikaona mwanga wa rangi ya machungwa, kisha nikafunikwa. Nilipotolewa nje fundi alikuwa pale pale kwenye benchi, anamalizia kushona kifungo cha koti la mlinzi. Uji ulikuwa umepoa. Alininywesha hivyo hivyo. Njiani alinitajia kila shimo na kila jiwe hadi mlangoni pangu, na kwa mara ya kwanza akaingia ndani. Alisimama katikati ya sebule, akasema, "Vyumba vingi," na hakusema zaidi. Siku tatu alikuja kunitia dawa ya matone asubuhi na jioni. Kisha nguo za Idi zikamzidi, nikajitia mwenyewe, nimelala chali, nusu ya matone yakiingia sikioni.

Nilirudi kuonwa na daktari. Alikuwa kijana ambaye hakunijua. Hajui kwamba chumba anachotumia ndicho kilichokuwa masjala, na kwamba alama za rafu bado zinaonekana ukutani chini ya rangi. Niliziona, kwa jicho jipya, moja baada ya nyingine. Alisoma kwenye kioo chake.

"Kaka yako ndiye anayekutia dawa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusahihisha. Sijawahi kuiacha nafasi kama hiyo ipite.

"Alianza yeye," nilimjibu. "Sasa ana nguo za Idi za kumaliza."

Akaandika kitu, akaniambia jicho la kushoto tutaliangalia baada ya miezi michache, nije tena na huyo kaka.

Nyumbani bado ni kimya. Sitaki mtu adhani vinginevyo. Vyumba viwili vimefungwa, binti hupiga simu Jumapili, na safu ya waliobisha hodi ina vistari vingi kuliko majina. Lakini nasoma, na naandika, na kwa kuwa naweza kuandika nilikuwa na wajibu.

Nimemwandikia mkurugenzi wa hospitali barua, nakala kwa mkuu wa kumbukumbu, nakala kwa jalada langu. Yah: Marekebisho ya orodha ya uhusiano wa mrwaza. Nimeeleza kwamba maneno jirani, rafiki na mwingine yaliondolewa kwa pendekezo langu. Kwamba pendekezo hilo lilikuwa kosa, na kosa ni langu, si la mhandisi. Kwamba wapo wagonjwa wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ya kosa hilo. Na kwamba naomba yarejeshwe mapema iwezekanavyo. Nimeeleza pia swali la tatu, kwa kuwa nadhani limesahaulika, na kwamba mtu anayetajwa katika jibu lake apokewe, awaye yote.

Jibu bado halijafika. Wakirekebisha, najua taratibu zao, kwa sababu nyingine nilizitunga mimi: mtu ataketi apitie maingizo ya zamani, na kila lisilolingana na ukweli atalirudisha kwenye neno lake sahihi. Kwa hiyo barua ina aya moja zaidi, ya mwisho, fupi. Niliifikiria siku mbili kabla ya kuiandika. Nimeomba kwamba marekebisho haya yaanze kutumika tangu siku yatakapopitishwa, na yasiguse yale yaliyokwisha kuingizwa.